Mazoezi ya Tarehe Kumi na Moja Agosti

Mchezaji wa kumi na mbili wa timu ya futiboli ya Kimarekani aliingia saa nane mchana, kofia yake ameishika kifuani kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Verna Tolliver alimwonyesha kiti, akabonyeza kinasa sauti, akataja tarehe, saa na mahali: chumba cha mikutano chini ya jukwaa la uwanja, Chuo cha Pell Ridge, mjini Tallis, Alabama.

"Jina lako kamili?"

"Wesley Aaron Lindholm, mama. Wananiita Wes."

"Unacheza nafasi gani?"

"Mpigaji, mama. Mpira ukitakiwa kupigwa kwa mguu uvuke nguzo, naitwa mimi. Baada ya hapo narudi kukaa." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likakataa.

"Niambie ulichokiona asubuhi ya tarehe kumi na moja Agosti."

Wes akatazama meza. "Teddrick alipiga goti moja, akasema anasikia kichefuchefu, tukamwita tabibu palepale."

Verna hakuandika kitu. Sentensi hiyo alikuwa nayo tayari mara kumi na moja kwenye daftari lake, neno kwa neno, mpaka lile "palepale" la mwisho. Asubuhi ile kijana mmoja mwenye kigugumizi, aliyehangaika karibu dakika nzima kutaja jina lake mwenyewe, aliisema yote bila kukwama hata mara moja.

Teddrick Mayes alikuwa na miaka ishirini na jezi namba sabini na nne. Alikufa siku ya tatu ya kambi ya mazoezi, msimu haujaanza. Sherifu, mkuu wa polisi wa Tallis, alilifunga jalada ndani ya siku nne, sababu ya kifo: moyo. Kisha msimu ukaanza, na timu ikacheza michezo kumi ikashinda yote kumi kwa jina la marehemu. Huenda mambo yangeishia hapo kama daktari mmoja wa hospitali asingemwandikia mwendesha mashtaka barua ya mistari mitatu. Kijana alipopokelewa, daktari aliandika, mwili wake ulikuwa na joto la nyuzi arobaini na mbili. Timu inasema alikaa kwenye beseni la barafu zaidi ya robo saa kabla ya kuletwa. Mtu aliyetoka kwenye barafu hafiki kwangu akiungua namna ile. Ndipo Verna akatumwa kutoka makao makuu ya upelelezi ya jimbo.

"Ulikuwa umesimama wapi alipopiga goti?"

"Na wenzangu, mama. Uwanjani."

Verna alisukuma karatasi moja mezani. "Hii ni ratiba ya siku ile. Nisomee mstari wa mwisho."

Wes alisoma kimyakimya, midomo ikicheza.

"Kwa sauti."

"Wapigaji. Uwanja mdogo. Nyuma ya jengo la kunyanyulia vyuma."

"Jengo la vyuma lina ukuta wa matofali wa ghorofa mbili. Nimelizunguka leo asubuhi. Goti la Teddrick uliliona kupitia ukuta?"

Kijana akairudisha karatasi upande wa Verna.

"Nani alikufundisha hiyo sentensi, Wes?"

"Hakuna aliyenifundisha, mama. Tuliisali tu."

"Mliisali?"

Alijua kwamba neno limeshamtoka. Akainuka nusu, akaketi tena. "Naomba niende. Tafadhali. Nina mazoezi."

Alipotoka, naibu sherifu Roy Pickens, aliyekuwa ameegemea mlango, alitikisa kichwa. Roy alikuwa na miaka sitini na mmoja, na yeye mwenyewe aliwahi kuichezea timu ile ujanani. Sherifu alimpa Verna mtu huyo awe mwenyeji wake, na Verna hakuwa na uhakika kama alipewa mwenyeji au mlinzi.

"Umemtisha dogo wa watu," Roy alisema. "Kuna ubaya gani vijana wakisema kitu kimoja, kama walikiona kitu kimoja?"

"Roy, wewe na mkeo mlikuwa kwenye harusi yenu. Mwulize aeleze ilivyokuwa, kisha ueleze wewe."

Roy alicheka bila kutaka. Kicheko kilikatika walipofika kwenye maegesho. Mtu alikuwa amechukua chokaa nyeupe na kuandika 74 kwenye kioo cha mbele cha gari la Verna, kubwa, toka upande hadi upande.

"Hicho si kitisho," Roy alisema haraka. "Mji mzima umejipaka. Duka la dawa, kinyozi, kanisa. Mpaka benki."

"Wao wamejipaka. Mimi nimepakwa."

Akawasha maji ya kioo. Chokaa ikatiririka, lakini tarakimu hazikufutika. Ilibidi aendeshe hadi hotelini akichungulia katikati ya saba na nne.

Ijumaa asubuhi Kocha Walton Hargis ndiye aliyemwita. Ofisi yake ilikuwa na dirisha pana linalotazama uwanja, na ukutani jezi namba sabini na nne ilitundikwa ndani ya kioo. Alikuwa mtu mpole wa sauti, mwenye mikono mikubwa, aliyekaa Tallis miaka ishirini na sita. Alimmiminia Verna chai baridi ya sukari kabla hajaketi.

"Wanangu wanalalamika, dada. Wanasema unawahoji kama wezi."

"Nawahoji kama mashahidi, kocha."

"Kesho tunapumzika. Jumamosi ijayo wana fainali, mchezo ambao hawajawahi kucheza mfano wake, na wataucheza kwa ajili ya yule mtoto. Kila mchezo Kendarius Goolsby, nahodha wetu, huingia na jezi nyingine ya marehemu mkononi. Goolsby alikuwa akiishi naye chumba kimoja, ulijua hilo? Mama wa marehemu mwenyewe ametuandikia barua ya kutushukuru."

"Nimeisoma. Imo kwenye jalada."

"Basi unajua hapa hakuna mtu mbaya." Akafungua droo, akatoa chupa ndogo ya plastiki, akaiweka mbele yake taratibu kana kwamba ni yai. "Nilitaka kumwepusha mama yake na hiki. Ni vidonge vya kuongeza nguvu. Vilikuwa kwenye kabati la Teddrick. Vinapandisha joto la mwili, waulize madaktari."

"Nani alivipata?"

"Tabibu wetu, Joanna Brannock."

"Lini?"

"Siku mbili baada ya msiba. Alipokuwa anasafisha kabati."

Verna aliivalisha chupa mfuko wa ushahidi, akaandika saa na jina la aliyeitoa, akamwomba kocha aweke saini. Hargis alisaini bila kusita, kisha akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Dada Verna, watu wa mji huu wana roho nzuri sana. Lakini hawana kingine zaidi ya timu hii. Ukiwanyang'anya, mimi sitaweza kuwazuia."

"Kuwazuia wasifanye nini?"

"Sijui," kocha alisema. "Ndiyo maana nakwambia."

Ndani ya gari Verna hakuwasha injini. Alifungua jalada, akatoa karatasi moja, akampa Roy.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu. Ni orodha ya vitu vya marehemu. Nilifungua kabati lake mchana uleule alipokufa, nikaandika, nikalipiga utepe wa polisi lisifunguliwe."

"Soma."

"Viatu jozi mbili. Biblia. Mafuta ya kwapa. Taulo. Picha ya mama yake." Roy aligeuza karatasi, ingawa nyuma haikuwa na kitu. "Basi."

"Uliruka kitu?"

"Siruki vitu."

"Na damu yake ilipimwa, haikuwa na dawa yoyote. Kwa hiyo chupa ambayo haikuwemo kabatini mchana imepatikana humo siku mbili baadaye, ndani ya kabati lililopigwa utepe na wewe." Verna alisubiri kidogo. "Ama wewe ni kipofu, Roy, ama kocha wako amekufanya mwongo."

Roy aliirudisha karatasi. Masikio yake yalikuwa mekundu. Wanafunzi wawili walipita na bendera ya timu, wakampungia mkono, na yeye, kwa mazoea, akawapungia. Walipokwisha kupita alisema, macho yakiwa bado mbele:

"Walikupa filamu ya mazoezi?"

"Ya mnarani. Inakatika Teddrick akiwa bado amesimama. Walisema betri iliisha."

"Toka enzi zangu kuna kamera mbili. Moja mnarani, moja nyuma ya nguzo. Hakuna anayeikumbuka ya nyuma ya nguzo, kwa sababu hujiendesha yenyewe."

Kabla ya saa sita jaji alikuwa ametia saini hati ya upekuzi, na saa nane Verna na Roy walikuwa wamejifungia chumbani mbele ya kompyuta. Filamu ile haikuonyesha saa. Ilionyesha nyasi, mapedi ya mabegani, kofia ngumu zikigongana, na joto likichezacheza juu ya ardhi kama mvuke wa sufuria. Teddrick alionekana mwanzoni, mkubwa kuliko wenzake, akishika magoti kila baada ya mgongano. Kisha kundi likamfunika. Mstari ulipojipanga upya, pale palipokuwa sabini na nne palikuwa na sitini na sita.

"Simamisha," Verna alisema. "Nani huyu?"

"Renfroe. Mwaka wa kwanza. Sasa ndiye anayeanza nafasi ile."

Waliendelea. Dakika chache mbele mazoezi yalisimama. Wachezaji wote walijipanga safu mbili kuelekea kamera, mikono nyuma, jua likiwapiga usoni. Hawakuwa wakinyoosha viungo, wala hakuna aliyekunywa maji. Walisimama tu. Kati ya miguu yao, hatua chache nyuma, kwenye ukingo wa uwanja karibu na bomba la maji, kulikuwa na kitu cheupe juu ya nyasi.

"Begi la mipira," Roy alisema, lakini sauti haikuwa yake.

"Mbona hakuna hata mmoja anayelitazama?"

Nyuma kabisa, ng'ambo ya uzio, garimoshi la mizigo likaanza kupita, mabehewa meupe ya matangi, moja baada ya jingine. Verna alirudisha filamu, akahesabu matangi mara mbili, akapiga simu shirika la reli. Karani alichukua nusu saa kumrudia. Tarehe kumi na moja Agosti, treni ya matangi thelathini na manane ilivuka kivuko cha Tallis saa tatu na dakika arobaini na moja asubuhi.

Verna akaandika tarakimu hizo chini ya zile za timu. Kitabu cha timu kilisema Teddrick alianguka saa nne na dakika ishirini na mbili. Saa tatu na dakika arobaini na moja namba yake ilikuwa imeshazibwa na mtu mwingine.

"Zaidi ya dakika arobaini," Roy alisema polepole.

Joanna Brannock walimkuta nyumbani kwake akikusanya majani makavu kwa reki. Alipomwona Verna hakuacha kazi.

"Ulimweka kwenye barafu?" Verna aliuliza.

"Imeandikwa."

"Nakuuliza wewe, sikiulizi kitabu." Akamwonyesha picha iliyopigwa na wauguzi. "Mgongoni ana nyasi na chokaa ya mistari, vimegandana. Soksi zake ni kavu, Joanna. Ni mtu gani anayetoka kwenye beseni la maji na soksi kavu?"

Reki ikasimama.

"Hakuwekwa," Brannock alisema. "Niliandika nilichoambiwa niandike. Saa tatu na robo nilimwambia kocha joto limepita kiwango, wavue mapedi. Akaniambia hapa si hospitali, akanifukuza uwanjani mbele ya wote. Nilikaa ndani na barafu yangu. Walipokuja kuniita, hakuna barafu ambayo ingemsaidia."

"Na vidonge?"

"Vidonge gani?" Alishangaa kweli, na Verna aliandika kwamba alishangaa.

"Nani alikuja kukuita?"

"Goolsby. Alikuwa analia, hata hakuweza kusema. Alinivuta mkono tu." Akafuta uso kwa kiganja cha glavu. "Ongea naye. Lakini si chuoni. Pale hawezi kufungua mdomo. Na Jumapili hata humpati, hupotea tangu asubuhi na hakuna ajuaye anakwenda wapi."

Verna alijua anakwenda wapi. Ilikuwa kwenye barua ya shukrani, mstari wa pili kutoka mwisho, ambao watu wa chuo hawakuwa na sababu ya kuujali: Na Mungu ambariki Kendarius, ambaye haachi kuja kula nami baada ya ibada.

Bi Ernestine Mayes, mama yake Teddrick na mpishi wa shule ya msingi, aliishi mjini Selma, katika nyumba ndogo ya mbao yenye kibaraza kilichofagiliwa. Jumapili mchana alimfungulia Verna mlango akiwa bado na gauni lake la kanisani na aproni juu yake. Mezani palikuwa na kuku wa kukaanga, kunde, mboga za majani zilizochemshwa na mguu wa nguruwe, na mkate wa mahindi. Kendarius Goolsby alisimama ghafla alipomwona Verna, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Bi Mayes, samahani kwa kuja wakati wa chakula," Verna alisema. "Nahitaji kuzungumza na huyu kijana faragha."

"Ni habari ya Teddrick?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hakuna faragha. Habari ya mwanangu itasemewa mezani pangu." Akaokota kiti, akakisimamisha. "Keti, Kendarius. Na wewe, dada, keti. Usiache kuku apoe."

Verna aliketi. Hakugusa kuku. Aliweka kinasa sauti kando ya bakuli la kunde na kumweleza Goolsby haki zake, moja baada ya nyingine. Kisha akaweka mezani picha moja tu kutoka kwenye filamu: safu mbili za watu wamesimama, na treni nyuma.

"Hapa mnafanya nini?"

Goolsby aliivuta picha karibu. Alikuwa kijana wa mabega mapana. Meza ilionekana ndogo mbele yake.

"Ni siku ya tatu," alisema. "Kila kambi ina siku ya tatu. Kocha aliianzisha. Anayeanguka siku hiyo haguswi wala hatazamwi. Anasema ukimtazama unampa ruhusa ya kubaki chini. Kwa hiyo tunampa mgongo, tunamsubiri asimame mwenyewe. Mimi mwaka wa kwanza nilianguka. Nikasimama."

"Teddrick alianguka saa ngapi?"

"Kabla ya treni. Kama dakika tano hivi. Kocha akamwita Renfroe ashike nafasi yake, kisha akapiga filimbi, tukageuka. Treni ikapita. Hakusimama. Kocha akasema anajifanya, akatuhamishia upande wa pili tukaendelea na mazoezi. Baadaye akaturudisha, tukageuka tena."

"Alisema chochote?"

Goolsby akamtazama Bi Ernestine, kisha akashusha macho kwenye sahani.

"Jibu," Bi Ernestine alisema.

"Aliita majina. Mmoja mmoja. Alianza na waliokuwa karibu. Mimi nilikuwa wa tano. Nafikiri alidhani hatujasikia, kwa sababu kila jina aliliita mara mbili."

"Na wewe ulisikia," Verna alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa mbali kiasi gani?"

"Kama hapa na jiko lile."

Bi Ernestine aligeuka akalitazama jiko. Sufuria ya mboga ilikuwa bado inachemka polepole, akainuka akaizima. Alirudi, akaichukua sahani ya Goolsby ikiwa na chakula nusu, akaipeleka kwenye sinki, akafungulia bomba na kuiosha mpaka ikawa safi, akaikausha, akaiweka kabatini.

Verna aliendelea, kwa sababu kazi ilikuwa hiyo. "Nani alitunga ile sentensi ya goti moja?"

"Kocha. Mchana uleule, kanisani pa chuo. Alituambia tushikane mikono, akaisema kama sala, nasi tukaifuatisha. Mara nyingi. Akasema tukiisema hivyo mama yake hataumia."

"Umekula kwangu Jumapili kumi na mbili," Bi Ernestine alisema akiwa bado amewapa mgongo, uso kabatini.

"Ndiyo, mama. Kila nikija nilikuwa nataka kusema."

"Lakini ulikuwa na njaa."

Bi Ernestine akaja mezani na kitambaa cha kukaushia mkononi.

"Sasa mwandikie huyu dada jina la kila mtu aliyekuwepo. Lako liwe la kwanza. Ukimaliza uende, na usirudi mpaka mimi nikuite. Naweza kukuita. Sijui."

Aliandika kwa saa nzima. Aliweka saini kila ukurasa.

Jumatatu saa tisa alasiri Verna na Roy waliingia uwanjani na hati ya kukamata: kusababisha kifo kwa uzembe na kughushi ushahidi. Timu ilikuwa katikati ya mazoezi. Hargis aliwaona kutoka mbali, akapiga filimbi, na watu zaidi ya sitini wakanyamaza mara moja.

Aliisoma hati mpaka mwisho, kisha akaikunja vizuri.

"Ni siku tano tu, dada. Nipe mpaka Jumapili nitakuja mwenyewe, kwa miguu yangu. Waache watoto wacheze."

"Hapana."

"Hujui unachokifanya kwa mji huu. Nimewachukua vijana waliokuwa si kitu nikawafanya wanaume."

"Mikono, kocha," Roy alisema.

Hargis alimtazama kana kwamba ameitwa na kiti. "Pickens? Wewe?"

"Orodha yangu ilikuwa sahihi," Roy alisema, na akamfunga pingu.

Hakuna aliyepiga kelele. Walimpitisha katikati ya wachezaji wake, na Verna, aliyekuwa amejiandaa kwa matusi, alishindwa kuuelewa ukimya ule mpaka walipofika kwenye gari. Aligeuka akawaona wachezaji wamepanga foleni. Walikuwa wamevua kofia zao ngumu, wamesimama mmoja nyuma ya mwingine kuanzia mlango wa chumba cha mikutano mpaka kwenye nyasi.

Roy aliondoka na Hargis, na Verna akawapokea wote. Alikaa chini ya jukwaa, akabadilisha betri ya kinasa sauti mara moja. Kila mmoja alikuja na maneno yake. Mmoja alisema alifumba macho. Mmoja alisema alikuwa akihesabu mabehewa ili asisikie. Yule mwenye kigugumizi alikwama kila neno, na Verna akamsubiri. Wengine walisema majina yao yaliitwa, na walipofika hapo walisimamisha maelezo, wakaomba maji.

Wa mwisho alikuwa Tobias Renfroe, miaka kumi na tisa, jezi sitini na sita. Shingo yake ilikuwa nyembamba kwa kazi aliyopewa. Alisema alikuwa karibu na Teddrick kuliko mtu yeyote, hatua nne.

"Alikuita?"

"Hakunijua jina, mama. Nilikuwa na siku tatu pale. Aliita 'sitini na sita.' Alisema, 'Sitini na sita, ndugu yangu, maji.'"

"Ukafanya nini?"

"Nilimpa mgongo. Halafu kocha akaniita nikashike nafasi yake."

Verna aliandika. Alimsomea maelezo yake toka juu hadi chini, akamgeuzia karatasi. Renfroe alishika kalamu, hakusaini.

"Mama, nikishasaini hapa, Jumamosi nitacheza?"

Saa moja kabla ya hapo mkuu wa chuo alikuwa amempigia Verna simu. Chuo kilikuwa kimejitoa kwenye fainali, na hakuna aliyekuwa bado na ujasiri wa kutoka kuwaambia wachezaji.

"Hakuna mchezo Jumamosi," Verna alisema. "Msimu umekwisha."

Kijana alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama aliyeelezwa njia ya kwenda mahali. Akaweka saini, kubwa, ya kitoto. Kisha akalaza paji la uso juu ya meza na kulia kwa sauti, mabega yakipanda na kushuka. Nje, kwenye korido, wenzake waliokuwa wakisubiriana walisikia, na viatu vyao vyenye meno vikaanza kugonga sakafu ya saruji, vikikaribia.

Goolsby ndiye aliyefungua mlango kwanza. Hakumwomba Verna ruhusa. Aliingia akapiga magoti kando ya kiti, akamshika Renfroe begani, na wengine wakaingia nyuma yake mpaka chumba kikajaa.

Verna alikusanya karatasi zake, akaandika saa ya kumaliza mahojiano, akazima kinasa sauti.